Mashine ya Kupasua Magogo: Ijue Valvu Kabla ya Kushika Leva

Wakaazi wengi wa kaunti yetu wangali wanapika kwa kuni. Shule za bweni huagiza kuni kwa lori, na viwanda vya majani chai huchoma magogo ya mikaratusi ili kupata mvuke wa kunyaushia na kukaushia majani. Kuni hizo hazitumiki zikiwa magogo mazima. Ni lazima zipasuliwe kwanza, kwa sababu gogo lililopasuliwa hukauka upesi, huingia kwenye tanuri bila shida na huwaka vizuri kuliko lililofunikwa na ganda lake.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa kwa shoka, nyundo na kabari ya chuma. Siku hizi vikundi vya vijana, wafanyabiashara wa kuni na wasimamizi wa viwanda wananunua mashine za haidroliki, yaani mashine zinazofanya kazi kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba. Mashine ya namna hii huendeshwa kwa leva moja tu. Ukiisukuma mbele, kabari inaingia ndani ya gogo. Ukiivuta nyuma, kabari inarudi.

Kwa kuwa leva ni moja, wengi hudhani hakuna la kujifunza. Ukweli ni kwamba leva hiyo imeshikamana na valvu, na valvu ndiyo inayoamua mafuta yaende wapi, kwa wakati gani na kwa presha gani. Anayeielewa valvu hufanya kazi haraka, hutunza mashine yake na hurudi nyumbani na vidole vyote kumi. Makala haya yanaeleza valvu hiyo hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo mwenye mashine, kibarua na mwanafunzi wa chuo cha kiufundi wote wataielewa.

Nguvu inatoka wapi?

Tuanze na msingi. Mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662, alieleza kwamba ukiubana umajimaji uliofungiwa mahali, presha yake husambaa kwa kiwango kile kile kila upande. Mwaka 1795 fundi Mwingereza Joseph Bramah alitumia kanuni hiyo kupata hataza ya mashine ya kushindilia vitu kwa nguvu ya maji. Mashine ya kupasua magogo ni mjukuu wa ile ya Bramah, ila yetu hutumia mafuta badala ya maji. Mafuta hulainisha vyuma na hayaleti kutu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme silinda ya mashine ina kipenyo cha ndani cha sentimita 10. Uso wa pistoni iliyo ndani yake una eneo la takriban sentimita za mraba 78.5. Mafuta yakisukuma kwa presha ya kilo 175 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo kwenye geji husomeka karibu 2,500 PSI, zidisha 78.5 kwa 175. Utapata zaidi ya kilo 13,700, yaani zaidi ya tani 13. Ni kama kupanga magari madogo kumi juu ya ncha ya kabari moja.

Nguvu hii haitoki kwenye mkono wa anayeshika leva, wala haitoki kwenye valvu. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, na mafuta husukuma pistoni. Kazi ya valvu ni kuongoza njia. Mfano wake ni askari wa trafiki kwenye makutano ya barabara. Hasukumi gari hata moja, lakini akinyoosha mkono upande usiofaa, ajali hutokea.

Safari ya mafuta

Mafuta huanzia kwenye tangi. Hunyonywa na pampu kupitia bomba nene, kisha hupelekwa kwenye valvu. Kutoka kwenye valvu huelekea upande mmoja wa silinda, na wakati huo huo mafuta yaliyokuwa upande wa pili wa pistoni hutolewa, yakapitia kwenye valvu tena, kisha kwenye chujio, na kurudi tangini. Huo ni mzunguko kamili, na kila tone lazima lipite kwenye valvu.

Ukiitazama valvu kwa makini utaona matundu manne makubwa yenye nyuzi za kufungia mabomba. Mara nyingi yamepigwa herufi. P ni tundu la kuingizia mafuta kutoka kwenye pampu. T ni la kuyarudisha tangini. A na B ni ya kwenda kwenye ncha mbili za silinda. Valvu nyingine huandikwa IN na OUT badala ya P na T. Kabla ya kufungua bomba lolote, weka alama kwa rangi ili ujue lilikotoka. Ukibadilisha A na B, leva itafanya kinyume na ulivyozoea: utavuta ukidhani kabari inarudi, kumbe inakuja mbele.

Ndani ya valvu

Ndani ya kipande hicho cha chuma kuna tundu refu lililochongwa kwa usahihi mkubwa, na ndani ya tundu hilo kuna mtaimbo mfupi ambao mafundi huuita spuli. Spuli haina umbo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ina sehemu nene zinazoziba njia za mafuta, na mikato inayoziacha wazi. Leva huisogeza spuli mbele au nyuma kwa milimita chache tu, na kila inaposogea, njia fulani hufunguka na nyingine hufungwa.

Nafasi iliyopo kati ya spuli na ukuta wa tundu lake ni finyu kuliko unene wa unywele wa binadamu. Hakuna mpira wa kuzuia mafuta yasipenye katikati. Kinachozuia ni ufinyu wenyewe. Ndiyo maana chembe ya mchanga au kipande kidogo cha chuma kikiingia kwenye mafuta kinaweza kuikwaruza spuli au kuifanya ikwame. Kwa ufupi, mafuta machafu ndiyo adui mkubwa wa valvu.

Spuli ina hali tatu.

Hali ya kwanza ni ya katikati. Leva haijaguswa. Mafuta kutoka kwenye pampu huingia kwa P na kutoka moja kwa moja kwa T, kisha hurudi tangini bila kufanya kazi. Injini hutulia na mafuta hayapati joto kali. Matundu A na B yote yamefungwa, kwa hivyo pistoni imeshikiliwa na mafuta pande zote mbili na kabari haisogei.

Hali ya pili ni ya kwenda mbele. Leva imesukumwa. Spuli imefunga njia ya kurudi tangini na kuiunganisha P na upande wa nyuma wa silinda. Mafuta hayana mahali pengine pa kwenda, basi yanaisukuma pistoni, na kabari inaingia kwenye gogo. Mafuta ya upande wa pili hutoka na kurudi tangini.

Hali ya tatu ni ya kurudi. Leva imevutwa. Mafuta yanaingia upande wenye fimbo ya pistoni, na kabari inarudi mwanzo. Kwa kuwa fimbo inachukua sehemu ya nafasi, eneo la kusukumwa ni dogo na silinda hujaa upesi. Kabari hurudi kwa kasi zaidi kuliko inavyokwenda, lakini kwa nguvu pungufu. Kwa silinda ya mfano wetu, fimbo ikiwa na kipenyo cha sentimita 5, nguvu ya kurudi inaweza kufika tani 10. Hiyo inatosha kabisa kuponda mkono ulionaswa kati ya kabari na chuma cha kubania gogo.

Kwa nini upande mmoja hujirudi na mwingine hunasa?

Hapa ndipo penye somo kubwa la makala haya.

Kwenye mwisho wa spuli kuna springi. Ukiisukuma leva mbele kisha ukaiachilia, springi huirudisha spuli katikati na kabari husimama papo hapo, popote ilipofika. Waliobuni mashine walikusudia iwe hivyo. Safari ya mbele ndiyo inayokutanisha kabari na gogo, na ndiyo yenye hatari kubwa. Walitaka kabari iende mbele tu wakati mkono wa mtu aliye macho umeishika leva. Mtu akishtuka, akiteleza au akivutwa, mkono huachia na mashine husimama.

Upande wa kurudi ni tofauti. Ukiivuta leva nyuma, kuna vigololi vidogo vinavyoingia kwenye mkato wa spuli na kuinasa hapo. Unaweza kuiachilia leva, na kabari itaendelea kurudi yenyewe huku ukichukua gogo jingine. Kabari ikifika mwisho, pistoni haina tena pa kwenda. Presha hupanda ghafla, na presha hiyo huvisukuma vigololi vitoke kwenye mkato. Spuli huruka hadi katikati, na utasikia leva ikilia "tak". Mashine imerudi kwenye hali ya kupumzika bila mtu kuigusa.

Kazi inapokuwa nyingi, huja kishawishi cha kuifunga leva kwa kamba au mpira wa tyubu ili kabari iende mbele yenyewe pia. Inaonekana kama ujanja wa kuokoa muda. Lakini anayefanya hivyo ameondoa kinga pekee iliyokuwa kati ya vidole vyake na tani 13 za chuma. Gogo likigeuka na kuubana mkono, hakuna wa kuachia leva. Kabari haijui tofauti ya mti na mfupa.

Kwa hivyo shika kanuni hii: leva ya mbele ikiachwa, kabari isimame. Mashine isiyofanya hivyo ni mbovu, hata kama inapasua vizuri namna gani, na isitumike hadi itengenezwe.

Valvu ndogo ya usalama

Ndani ya valvu kubwa kuna nyingine ndogo. Ni kigololi au koni inayoziba tundu dogo, ikisukumwa na springi ngumu. Kuna skrubu ya kuikaza springi hiyo, na nati ya kuifunga skrubu isilegee. Kazi yake ni kuweka kikomo. Gogo likiwa gumu mno, au pistoni ikifika mwisho huku umeshikilia leva, presha hupanda. Ikifika kikomo kilichowekwa, kigololi huinuka na mafuta hukimbilia tangini. Utasikia sauti kama ya kuzomea, na injini italemewa.

Sauti hiyo ni ujumbe. Inakuambia gogo hili limeshinda mashine. Achilia leva, rudisha kabari, geuza gogo na ujaribu upande usio na fundo. Ukiendelea kushikilia, nguvu ya injini inayopita pale hugeuka kuwa joto. Mafuta yakipata joto kali huwa mepesi kupita kiasi, mipira ya ndani huharibika, na mashine huanza kulegea kabla ya wakati.

Kuna watu ambao, gogo likikataa kupasuka, hukimbilia spana na kukaza ile skrubu ili "kuongeza nguvu". Ni kweli nguvu itaongezeka. Lakini mabomba, silinda, fimbo na boriti ya mashine vyote vilitengenezwa kuhimili kiwango fulani. Ukivuka kiwango hicho, kitakachopasuka huenda kisiwe gogo. Skrubu hiyo irekebishwe na fundi anayejua kazi, akiwa na geji iliyofungwa kwenye mfumo, na asivuke kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Kuna jambo moja zaidi ambalo fundi anafaa kulichunguza. Presha inayovitoa vigololi vya leva kwenye mkato lazima iwe chini ya kikomo cha valvu ya usalama. Ikiwa juu, kabari itafika mwisho, mafuta yataanza kukimbia kupitia valvu ya usalama, na leva haitaruka kamwe. Mashine itabaki ikinguruma na kupata joto hadi mtu airudishe leva kwa mkono.

Kwa nini kabari hupunguza mwendo ikigusa gogo?

Mashine nyingi zenye injini ndogo za petroli hutumia pampu yenye hatua mbili. Ndani yake kuna jozi mbili za gia, kubwa na ndogo. Kabari inapokwenda bila kizuizi, jozi zote mbili husukuma mafuta na mwendo huwa wa kasi. Ikigusa gogo na presha kupanda, jozi kubwa hujitoa na kurudisha mafuta yake bila kazi, huku jozi ndogo ikiendelea peke yake. Mafuta huwa machache, lakini presha huwa kubwa.

Kwa pampu inayotoa lita 41 kwa dakika, kabari ya mfano wetu husafiri karibu sentimita 8.7 kwa sekunde. Gia kubwa zikijitoa na zikabaki lita 10, mwendo hushuka hadi karibu sentimita 2 kwa sekunde. Kusukuma lita zote 41 kwa presha ya juu kungehitaji injini ya zaidi ya nguvu farasi 15. Kwa hatua mbili, injini ya 6.5 inatosha. Kwa hivyo ukisikia mlio wa injini ukibadilika na kabari ikipunguza mwendo, usidhani valvu imeharibika. Hivyo ndivyo mashine inavyopaswa kufanya.

Kabla ya kununua au kubadilisha valvu

Si kila valvu yenye leva moja inafaa kwa mashine hii. Muulize muuzaji maswali matatu.

La kwanza, je, katika hali ya katikati mafuta hupita moja kwa moja hadi tangini? Mashine yenye pampu ya gia inahitaji valvu ya namna hiyo. Baadhi ya trekta zina pampu inayopunguza kusukuma mafuta yenyewe wakati hakuna kazi, na valvu yake huwa ya aina nyingine. Ukichanganya aina hizi mbili, mafuta yatachemka au kifaa hakitafanya kazi.

La pili, je, upande wa kwenda mbele hujirudi kwa springi? Kuna valvu zinazonasa pande zote mbili, zilizotengenezwa kwa kazi nyingine kama vile kuendesha mota. Usifunge valvu ya namna hiyo kwenye mashine ya kupasua magogo.

La tatu, je, inaweza kupitisha mafuta kiasi gani? Hapa wengi hukosea kwa kutazama pampu peke yake. Kabari inaporudi, mafuta yanayotoka upande mpana wa silinda ni mengi kuliko yanayoingia upande wa fimbo. Kwa silinda yetu, lita 41 zikiingia kwa dakika, zinazotoka ni karibu 55. Valvu, bomba la kurudishia na chujio lazima vimudu kiasi hicho. Vikiwa vyembamba, presha hujijenga nyuma, mafuta hupata joto, na leva huruka kabla kabari haijafika mwisho.

Kamwe usiweke koki wala kiungio cha kufungua upesi kwenye bomba linalotoka T kwenda tangini. Hata mafuta ya valvu ya usalama hupitia hapo. Njia hiyo ikizibwa huku injini ikiwaka, mafuta hayana pa kutokea, na kitu lazima kipasuke.

Dalili za hitilafu

Kabari haina nguvu na mafuta yanapata joto upesi: huenda uchafu umeizuia valvu ya usalama isifunge vizuri, spuli imelika, au mipira ya pistoni imechakaa na mafuta yanapenya kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Pampu inalia kwa sauti kali: angalia kiasi cha mafuta kwanza. Huenda yamepungua, bomba la kunyonyea limepinda, au hewa inaingia kwenye kiungio.

Mafuta yana povu: kuna hewa. Yakiwa na rangi kama ya chai ya maziwa, kuna maji. Yamwage na uweke mapya ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Leva haibaki nyuma, inaruka mapema: chunguza chujio. Likiziba, presha hujijenga kwenye njia ya kurudi. Vigololi vilivyochakaa pia huleta dalili hii.

Leva inakwama mbele: zima injini mara moja. Huenda springi imevunjika au uchafu umeingia kwenye spuli. Hapa hakuna mjadala wala "tumalizie hili rundo kwanza".

Mafuta yanatiririka penye leva: mpira wa kuzuia mafuta kwenye mwisho wa spuli umechakaa. Ni kipande cha bei ndogo, lakini kibadilishwe mahali safi pasipo vumbi la mbao.

Tundu dogo, jeraha kubwa

Bomba la haidroliki likitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa kasi kubwa na huenda yasionekane kwa macho. Mtu akipitisha mkono hapo kutafuta mvujo, mafuta yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huonekana kama alama ya kuchomwa na mwiba, na mwanzoni huenda kisiume sana. Lakini ndani, mafuta huharibu nyama na kuzuia damu kupita. Mtu anaweza kupoteza kidole au mkono.

Tafuta mvujo kwa kipande cha kadibodi au mbao, usitumie mkono. Mtu akipigwa na mafuta ya presha, asipake dawa wala kusubiri kesho. Apelekwe hospitalini mara moja, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya mashine ya haidroliki yaliyoingia kwa presha. Jeraha hili huhitaji upasuaji wa haraka.

Kabla ya kufungua bomba lolote, zima injini, kisha sukuma na uvute leva mara kadhaa. Injini ikiwa imezimwa, presha iliyobaki kwenye mabomba hupata njia ya kurudi tangini.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuhakikisha mashine ni salama, na kuwapa wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi. Sheria hiyo hiyo inakataza mtu kuharibu kwa makusudi au kutumia vibaya kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Kufunga leva kwa kamba ni jambo la namna hiyo, awe aliyefanya ni mwajiri au mfanyakazi. Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, pia ya mwaka 2007, inampa mfanyakazi anayeumia kazini haki ya kudai fidia. Kibarua wa kupasua kuni naye ni mfanyakazi. Ukiumia, ajali iripotiwe na iandikwe.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza kutengeneza mashine hizi, kumbukeni kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya kiufundi vya vijijini. Ulizeni katika chuo kilicho karibu nanyi kuhusu masomo ya ufundi wa mitambo. Mashine zinaongezeka, na fundi anayeweza kupima presha kwa geji badala ya kubahatisha hatakosa wateja.

Jaribio la kila asubuhi

Jaribio hili halihitaji vifaa vyovyote, na huchukua dakika chache. Lifanye kila siku kabla ya gogo la kwanza.

1. Injini ikiwa imezimwa, angalia kiasi cha mafuta, mabomba na viungio.

2. Washa injini na usiguse leva. Kabari isisogee hata kidogo.

3. Bila gogo, sukuma leva mbele, kisha iachilie kabari ikiwa katikati ya safari. Isimame papo hapo.

4. Vuta leva nyuma na uiachilie. Kabari irudi hadi mwisho, na leva iruke yenyewe hadi katikati.

5. Kazi ikianza, mtu anayeweka gogo ndiye huyo huyo anayeshika leva. Mmoja asishike gogo huku mwenzake akiendesha leva. Wengine wabebe kuni na kuzipanga, wakiwa mbali na kabari.

Mashine ikishindwa hatua ya pili, ya tatu au ya nne, izime na umwite fundi. Siku moja bila kazi ina hasara yake, lakini hasara hiyo hulipika. Mkono ukikatika, haurudi.